Siku Niliyoambiwa "Baba, Nyonya"

Wacheni niwasimulie mwenyewe, maana kule Baghdadiya, mtaa wa Jeddah, kwenye vyumba vya madereva mkasa huu umeshasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja ameongeza chumvi yake, kuna hata anayeapa kwamba nilibebwa na ambulensi. Sikubebwa na chochote. Nilitoka kwa miguu yangu, mdomo mweusi kama niliyelamba chungu, na aibu niliyotoka nayo siku hiyo bado inanikuta nikiwa peke yangu kwenye gari, nafunika uso kwa mikono hata kama hakuna anayenitazama.

Mimi ni Wekesa, dereva wa familia moja Riyadh. Wakati ule nilikuwa namchumbia Mwende, msichana wa Machakos aliyekuwa anafanya kazi za nyumbani Aziziya, kule Jeddah, na kwa kuwa kati ya Riyadh na Jeddah kuna jangwa zima, uchumba wetu ulikuwa wa simu. Mwende mwenyewe nilishampata. Shida ilikuwa Anti Mumbua. Huyu ni mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtafutia kazi, na walikuwa wanafanya kazi nyumba moja, Mwende akiwa wa usafi na watoto, Anti akiwa mpishi. Mwende aliniambia bila kunificha: "Anti akikataa, mimi pia nimekataa, nisikudanganye." Na Anti, kwa kuwa amepika maisha yake yote, alikuwa na imani moja tu kuhusu wanaume, kwamba mwanamume humjui kanisani wala kwa simu, unamjua akiwa na sahani mbele yake.

Sasa hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Siku moja Anti alichukua simu kwa Mwende akaniuliza kama huwa nakula vizuri huko kwa Waarabu, nami badala ya kusema ukweli (kwamba bosi akiingia hotelini mimi hubaki nje nikila shawarma juu ya usukani) nikasema, "Anti, mimi na bosi tunakula meza moja, vyakula vya kila nchi, hakuna kitu sijaonja." Akasema, "Basi tutaona." Mngeyasikia yale maneno jinsi alivyoyasema, mngejua hayakuwa ya kunisifu.

Ikatokea bosi akaleta familia Jeddah kwa likizo, nikawaendesha njia nzima, na Ijumaa moja wakawa wameshika meza kwenye mkahawa mmoja mpya kule mji wa kale, halafu madam akaamka na kichwa kinamgonga, hataki hata kunusa chakula. Bosi akaniita. "Wekesa, meza iko, chakula kimeshalipwa, halas. Yalla, chukua watu wako uende." Nilimshukuru mpaka akachoka. Nikawaza, Mungu huyu ananipenda, nampeleka Anti mahali ambapo hata jina lake hawezi kulitamka, na nikitoka hapo nina mke.

Nyumba yenyewe ni zile za zamani za Jeddah, za mawe ya matumbawe, zenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama makabati yaliyochongwa, imekarabatiwa vizuri, ndani kuna taa za kisasa na baridi ya kukausha jasho papo hapo. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, nikampa Anti mkono mpaka juu, akasema "Asante, baba," nikahesabu hiyo kama alama ya kwanza. Pale mlangoni palikuwa na maandishi kwamba hicho ni chakula cha Peranakan cha kisasa. Anti akasimama.

"Peranakan ndio nini?"

"Ni Kichina," nikasema. "Lakini cha pwani."

(Mtakuja kuona kwamba sikuwa mbali sana. Ndio ubaya wa kubahatisha, ukipata kidogo unaendelea.)

Vikaja kwanza vikombe vidogo vya unga uliokaangwa, vimejazwa mboga na kamba, nikakitia kimoja kizima mdomoni, nikaangalia meza ya jirani nikaona nao wanafanya hivyohivyo. Nikavimba. Mwende akanitazama kwa macho ya kunionea fahari, na huo mwanzo mzuri ndio ulionimaliza. Ukaja wali wa buluu. Anti akautazama sana.

"Huu wali umefanywa nini?"

"Ni wa buluu, Anti."

"Naona ni wa buluu. Nimeuliza umefanywa nini."

"Ndivyo huwa. Kula tu, Anti, nimeshaula mara nyingi."

Halafu akaja dada wa mezani, msichana mpole wa Kimalaya mwenye kilemba cha kijani, ameshika bakuli la kuku. Sasa mimi ni Mluhya, na mtu akileta kuku mimi akili yote huhamia kwenye bakuli, hilo silifichi. Lakini kuku huyu alikuwa kwenye mchuzi mweusi tititi, na kati ya vipande vyake kulikuwa na mbegu nyeusi, ngumu, kila moja kubwa kama kokwa la parachichi, na juu yake imetobolewa tundu. Kando ya kila sahani dada akaweka kijiko kidogo chembamba. Akaanza kueleza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Bwana, hii kwanza..." nami nikainua mkono, kama bosi anavyofanya.

"Maalum, maalum," nikamwambia, yaani kwa Kiarabu, najua, najua. Mbele ya Anti ningesema nini kingine?

Yule dada akatabasamu, hakutaka kubishana na mgeni. Akanyoosha mkono kwenye bakuli kwa heshima, akasema maneno mawili tu kisha akaondoka.

"Baba Nyonya."

Ndugu zangu, nawaomba mnihukumu kwa haki. Katika nchi hii baba ni bosi. Mimi ndiye ninayesema "ndio, baba," "naleta gari, baba." Hapajawahi kutokea mtu wa kuniita mimi baba isipokuwa Anti pale kwenye ngazi, na sasa huyu naye, mbele ya watu, ananiita baba na kunipa maagizo kwa Kiswahili safi. Sikujiuliza Mmalaya amejifunzia wapi Kiswahili. Nilisikia heshima, nikatii. Na tena agizo lenyewe lilikuwa na maana kabisa, kwa sababu kwetu Bungoma mfupa wa kuku haurudi sahanini mpaka umeunyonya ukalia firimbi, kwa hiyo mbegu yenye tundu, nami naambiwa ninyonye, kuna la kushangaza gani?

Kile kijiko nikakisukuma kando, nikadhani ni cha sukari ya chai.

"Hii," nikawaambia, "inanyonywa."

Nikaweka tundu mdomoni nikavuta. Kimya. Nikavuta tena kwa nguvu, ikatoa mlio ambao siwezi kuuandika, mpaka mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye kanzu nyeupe, akashusha uma wake taratibu. Kwenye ule mvuto wa tatu uji mweusi uliokuwa ndani ukaja wote kwa pamoja ukanipiga kooni. Ladha yake ni kama kahawa iliyoungua halafu ikazikwa, tamu kwa namna yake, lakini si kwa kasi ile. Nikakohoa machozi yakanitoka, nikamtabasamia Anti nikamwonyesha kidole gumba. Mwende akaziba mdomo. Nilikuja kujua baadaye kwamba meno yote yalikuwa meusi.

Hapo ningeweza kuacha. Lakini Anti alikuwa ameshika ya kwake, ananitazama kama mtu anayengoja maelekezo ya daktari, na mimi nikayatoa. Alinyonya kwa adabu, ikakataa. Akanyonya tena, ikakataa. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Anti, iume kidogo kwa meno pale kwenye tundu, halafu uvute."

Akauma. Ikasikika "tak".

Anti akaacha kila kitu. Akairudisha mbegu kwenye sahani polepole, akachukua kitambaa cha mezani akafunika mdomo, akageuka kutazama dirisha. Nikamuuliza kama amechoka kula, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndio wala hapana, basi nikamwita yule dada aondoe sahani, maana bosi huwa anafanya hivyo, anapunga mkono na vitu vinaondoka. Sahani ikaondoka. Anti akaifuata kwa macho mpaka ikapotea kwenye ngazi za jikoni.

"Thahani," akasema ndani ya kitambaa.

Nikadhani ni Kikamba. Nikamtazama Mwende anitafsirie.

"Thahani," Anti akarudia, na macho yameanza kulowa. "Mwende, thahani imekwenda na jino langu."

Nilikuwa sijui. Hata Mwende alikuwa hajui. Jino la mbele la Anti lilikuwa la bandia, na mama huyu alikuwa ameishi nalo miaka na miaka bila mtu kujua, na mimi ndani ya mlo mmoja nilikuwa nimemnyonyesha mbegu hadharani, nimemng'oa jino, kisha nikaagiza liondolewe. Mwende alinitazama tu, na katika yale macho niliona harusi yangu inateremka ngazi pamoja na vyombo.

Nikakimbia jikoni. Kule nikakuta beseni kubwa limejaa maganda ya mbegu zilezile, kwa sababu Ijumaa ile kila meza ilikuwa imekula kuku huyo, na mpishi mmoja mnene amesimama akinishangaa. Kiarabu changu ni cha barabara na petroli. Nikafungua mdomo nikaonyesha meno nikamwambia, "Sinn! Mafi sinn!" yaani jino hakuna. Akanichungulia yale meno meusi, akanionea huruma, akaniletea limau na chumvi nisugue.

Ni yule dada wa kilemba aliyenielewa. Hakucheka (nilimwona akijizuia). Akachukua vile vijiko vidogo vyembamba, akanipa kimoja, tukainama kwenye beseni, na hapo ndipo nilipojua kazi ya kijiko: unakiingiza kwenye tundu, unachota uji, unaula na wali. Mtoto angejua. Tukawa tunachokoa ganda moja baada ya jingine, huku akinieleza yale ambayo nilikuwa nimemkataza kueleza, kwamba zamani Wachina walihamia pwani za Umalaya wakaoa huko, na uzao wao ndio hao Peranakan, wanaume wakiitwa Baba na wanawake wakiitwa Nyonya, na hiki ni chakula chao, chakula cha Baba na Nyonya. Akaongeza kwamba mbegu ikiwa mbichi ina sumu, mpaka izikwe kwenye majivu siku nyingi.

"Nyonya ni mwanamke?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama wa heshima. Kwa lugha yenu nyonya ni nini?"

Nikamwambia tuendelee kutafuta.

Jino lilikuwa ndani ya ganda, limezama kwenye uji mweusi, na yeye ndiye aliyelichota. Tukaliosha kwa maji ya moto, tukalisugua kwa lile limau langu, akaniwekea kwenye kisahani kizuri cha maua, akalifunika na leso. Nikapanda ngazi nimekishika kwa mikono miwili, watu wote wakidhani naleta kitindamlo. Nikakiweka mbele ya Anti nikageuka ukutani.

Niliposikia anakohoa kidogo, nikageuka.

"Wekesa," akasema, na "s" ilikuwa imerudi mahali pake. "Hiki chakula ulishawahi kukila?"

"Hapana, Anti."

"Na bosi wako mnakula meza moja?"

"Hapana, Anti. Mimi hula kwa gari."

"Na hizo mbegu, nani alikwambia zinanyonywa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, baba, nyonya, Wachina, majivu. Alinisikiliza bila kupepesa, halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka yule mzee wa kanzu nyeupe naye akacheka bila kujua sababu, alicheka huku ameshika jino kwa kidole lisiruke tena, na Mwende akaniambia baadaye kwamba tangu mama yake azikwe hakuwahi kumwona Anti akicheka hivyo.

"Sasa ndio tumeanza kujuana," Anti akasema alipopata pumzi. "Ule mdomo wa kwenye simu ningeukataa. Mwende, mpe huyu maji anawe uso, halafu tumwite yule msichana arudi atufundishe, chakula chenyewe ni kitamu."

Basi nimeapa, na nawaambia ninyi mlio wageni kwenye nchi za watu: mtu akitaka kukuelezea sahani, mwache aeleze, hata kama ni ugali. (Na habari ya jino msinilaumu kuitoa, Anti mwenyewe aliisimulia siku ya harusi akiwa ameshika kipaza sauti.) Mimi sasa hata chai nikiletewa nauliza inanywewa upande gani.

Mwende sasa yuko Machakos, alijifungua mvulana, na Anti naye alimaliza mkataba akarudi, wanakaa pamoja. Juzi bosi alikuwa ameingia hotelini hapa Riyadh, mimi niko nje kwenye gari na shawarma yangu, nikawapigia simu ya video. Mtoto alikuwa analia. Mwende akamkumbatia, akamweka kwenye titi, na kama mama yeyote wa kwetu anavyombembeleza mwanawe, akamwambia, "Nyonya, baba. Nyonya."

Nikafunika uso. Kutoka upande ambao simu haionyeshi nikamsikia Anti: "Muulize kama huyo naye anataka kijiko."