Roboti Hajawahi Kufika Msalato

Ruksa ya biashara huria ilituletea mitumba, ikatuletea sabuni za rangi zote, na mwisho kabisa ikatuletea intaneti pale Kikuyu, Dodoma: chumba kimoja, kompyuta nne, na joto la kuokea mikate. Mimi nilikula kwa mitumba. Kila siku ya mnada nilikuwa gulioni Msalato nikinadi suruali, na jioni nilikuwa shule ya usiku nikitafuta cheti, ambacho nilikuja kukipata kwa kishindo kilichosikika mpaka Kondoa.

Hesabu tulifundishwa na mama mmoja tuliyemwita Mwalimu tu. Alikuwa karani serikalini mpaka ofisi yao ilipopunguza watu. Kazi hakuililia sana. Alichokililia ni meza ya briji. Yeye na wenzake watatu wa ofisini walicheza karata hizo kila Jumapili, na baada ya kupunguzwa wale watatu walirudi makwao, kila mmoja pembe yake ya nchi. Yeye akabaki Dodoma na karata zake kwenye mkoba.

Briji inataka watu wanne, wawili wawili, wenza wakikaa mkabala. Kabla ya kucheza mnanadi: kila mtu kwa zamu anatangaza upande wake utakula mara ngapi, na kwa tangazo hilo mwenzake anajua yeye ameshika karata gani. Mwalimu alipogundua kwamba kwenye mtandao mmoja wa karata ukikosa mwenza unapewa roboti, alirudi ujanani. Akanifundisha na mimi, ila kukaa mkabala nami alikataa katakata. Alisema ninanadi karata kama ninavyonadi suruali. Basi mwenzangu akawa roboti, na nimsifu: sijaona kiumbe mwenye subira kama yule. Hanuni, haguni, hakulaumu kwa karata uliyoitupa juzi.

Mwalimu akawaandikia wenye mtandao, huko ughaibuni, akiomba kusimamia mashindano ya Jumapili. Wakampa shindano moja la majaribio. Likiisha salama, Jumapili alasiri zote zitakuwa zake, na meza zimejaa watu. Likizuka zogo likamshinda, atabaki na roboti wake.

Siku hiyo alivaa kitenge cha harusini, ingawa wa kumwona tulikuwa mimi na mwenye kafe. Nimewaona mawaziri wakiendesha mikutano, hawamfikii. Mchezaji akikatikiwa umeme huko kwao, Mwalimu alimweka roboti kabla kiti hakijapoa. Aliyeuliza alijibiwa kwa Kiingereza cha serikali, kilichopigwa pasi.

Mimi nilikuwa kompyuta ya pembeni, nikicheza na mwenzangu dhidi ya mtu na mkewe kutoka nchi moja ya barafu. Sasa, Msalato nikisema suruali hii utazikwa nayo, mnunuzi anagawa kwa mbili, halafu kwa mbili tena, tunaelewana. Anayesema anaongeza, anayesikia anapunguza. Kwa mazoea hayo, nikiwa na karata za kilio, nilinadi kana kwamba nimeshika wafalme wote wa dunia, nikijua mwenzangu atapunguza.

Roboti hajawahi kufika Msalato. Alijumlisha niliyosema na karata zake, zilizokuwa nzuri kweli, akatupandisha hadi ahadi ya kula mara kumi na mbili kati ya kumi na tatu. Nilitoka jasho la kujaza ndoo. Kwa kanuni, karata zake zililazwa mezani zionekane na zangu zikabaki zimefichwa. Kumbe na yule bwana naye alikuwa ameniamini. Ilipombidi kupoteza karata, alipoteza ile ile ambayo angeitunza ingenimaliza, maana alidhani ninazo kubwa kuliko hiyo. Nikala kumi na mbili.

Karata zangu zilipofunuliwa, yule bwana akamwita msimamizi. Akaandika kwamba nimedanganya, kwamba nimekula njama na roboti, na kwamba pointi zisipofutwa atashtaki kwa wenye mtandao.

Mwalimu aligeuza kiti. "Umenadi nini, wewe?"

"Nilitia chumvi kidogo, Mwalimu."

"Hiyo si kidogo. Hilo ni gunia."

Nilimwambia anikate pointi tu, bwana yule atulie, asije akapoteza Jumapili zake kwa ajili ya suruali zangu. Mwalimu alivaa miwani, akasoma kanuni kwenye kioo mpaka mwisho, kisha akaandika polepole, huku akinitafsiria kwa sauti:

"Mchezaji anaruhusiwa kudanganya kuhusu karata zake, mradi mwenzake adanganyike sawa na wapinzani. Mwenzake huyu ni roboti. Aliamini kuliko ninyi. Matokeo yanabaki."

Yule mke akaandika kwamba anacheka hadi machozi, na mumewe, chini yake, neno moja: sawa.

Shindano lilifika mwisho bila zogo jingine. Majibu ya wenye mtandao yalipokuja, Mwalimu alinisomea mara mbili: Jumapili zote ni zake.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa heshima mpya kabisa.

"Marahaba. Jumapili ijayo, kabla ya shindano, utakaa mkabala na mimi."

Nikamuuliza, je, roboti wangu?

"Roboti anakuamini mno. Mimi ukisema kumi na mbili nitasikia nne."

"Tano, Mwalimu," nikamwomba.