Nilitangaza Kanisani Kwamba Mke Wangu Atatembea

Mnifiche jina tafadhali, kwa sababu huku Kibugu nusu ya kanisa letu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, mkulima wa majani chai, na mzee wa kanisa tangu kitinda mimba wetu akibebwa mgongoni. Mke wangu nitamwita Mama Nyaga. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya zizi la ng'ombe, maana kuingia ndani ya nyumba yangu mwenyewe naona haya.

Mwaka huu, kabla ya mvua ya masika, Mama Nyaga alianguka akichuma chai. Upande wote wa kulia ukapooza. Daktari alituambia anaweza kupata nafuu kidogo kidogo kwa mazoezi, lakini hakuahidi kwamba atatembea tena. Sikumsikiza. Nilijiambia huyo daktari hajui mimi naomba Mungu gani. Nikaanza kufunga, na si kufunga kwa mchezo. Nilikuwa naingia msituni na Biblia, natetemeka kwa baridi, na huko namkumbusha Mungu: pombe sijawahi kuonja, mawe ya msingi wa kanisa niliyabeba kwa bega langu, na wagonjwa wangapi nimewawekea mikono wakapona? Mngenisikia mngesema namdai. Na kweli nilikuwa namdai.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Kwetu kuna Jumapili ya mavuno. Kila boma hupeleka kanisani mazao ya kwanza ya shamba, iwe nduma, ndizi, maharagwe au hata jogoo, halafu baada ya ibada kunakuwa na mnada uwanjani na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama Nyaga ndiye huongoza akina mama kuingia wakiimba, vyondo mgongoni, vile vikapu vyetu vya kusuka. Basi mwezi uliopita nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Jumapili ya mavuno Mama Nyaga ataingia kwa huo mlango na miguu yake, kiondo mgongoni. Asiyeamini akae nyumbani!" Kanisa lote likapiga makofi. Akina mama wakamshonea nguo mpya. Kila nikipeleka chai kituoni kupimwa naulizwa, "Mzee, ameanza hatua?" Nami najibu, "Ngojeni mtaona."

Hakuanza hatua yoyote, na Jumapili ya mavuno ndiyo hii inayokuja. Jumanne asubuhi wazimu ulinishika. Nilimwinua kitandani kwa makwapa, nikamsimamisha katikati ya chumba, nikasema, "Tembea kwa jina la Yesu!" Nikamwachilia. Alianguka kifudifudi, mdomo ukapasuka. Hata hapo, badala ya kuinama nimwinue, nilimwambia imani yake ndiyo haba. Mungu anisamehe. Mke wa Nyaga, mkaza mwana wetu ambaye ndiye humwosha na kumlisha, alikuja mbio kutoka jikoni. Msichana huyu hajawahi kunipandishia sauti tangu aolewe kwetu. Siku hiyo alinisukuma kando akasema, "Baba, huyu ni mtu! Si ushuhuda wako!"

Jioni nilienda kumwomba mke wangu msamaha. Siku hizi anaongea polepole, neno moja moja. Aliniambia kwa Kiembu, nami nawaandikia vile alivyosema: "Baba Nyaga, mimi sikusema nitatembea. Ni wewe ulisema. Mimi nataka tu mnipeleke nikashukuru."

Nilijisahau tena nikamuuliza kwa hasira, "Ushukuru nini? Kwani Mungu amekufanyia nini?"

"Si niko hai? Huyu msichana ananiosha kila siku na hajawahi kunikunjia uso. Hiyo ni kitu kidogo? Nibebe hivi nilivyo. Na kama unaona aibu, wewe baki, nitabebwa na wengine."

Jana pasta naye alikuja, nafikiri aliitwa na huyo msichana. Ni mtu wa umri wa mtoto wangu. Akaniambia kwa upole, "Mzee, mlete Mama vile alivyo. Halafu wewe upige magoti pale mbele, tukuombee." Nilihisi kumfukuza. Kuombewa mimi? Miaka hii yote ni mimi nawekea watu mikono, sasa nipige magoti niwekewe na watu niliowafundisha kuomba?

Kwa hivyo nimefanya jambo ambalo nyumbani hawajui. Nimeongea na mwenye gari amchukue Mama Nyaga kesho, ampeleke kwa dada yake anayeishi mji wa Runyenjes. Jumapili niwaambie watu amezidiwa, tumempeleka kutibiwa mbali. Lakini leo nimepita dirishani nikamwona ameketishwa, kiondo mapajani, anajifunza kukishika kwa ule mkono wa kushoto. Ameshaagiza nguo yake ipigwe pasi.

Ndugu zangu, nimekwama. Nikimficha, nitakuwa nimemnyima mke wangu siku yake ya kushukuru, na nitakuwa nimesema uongo nikiwa nimesimama madhabahuni. Nikimbeba, kanisa zima litaona kwamba Mungu hakunitii. Nimeandika hilo neno, nikalisoma tena, na machozi yananitoka, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiomba miaka yote na sikujua. Sasa nikifunga macho sipati maneno. Yale mema yangu yote niliyokuwa namhesabia naona hayafiki popote.

Aliyewahi kufika mahali kama hapa anisaidie kabla ya kesho. Nimpigie mwenye gari asije? Na mtu anaanzaje kumwomba Mungu, wakati hana kitu cha kumwonyesha isipokuwa kusema nihurumie?