Evelina na Dawa ya Kushusha Chembe Nyeupe

Evelina Mazengo ana miaka kumi na tisa kwenye maabara ya zahanati yetu hapa Chang'ombe, na sijawahi kumwona akimaliza siku bila kufoka. Mimi ni muuguzi, meza yangu iko mbele ya mlango wake, kwa hiyo nasikia kila kitu. Mashine ya kuhesabia chembe za damu ikiharibika, na huharibika sana, yeye huinamia hadubini na kuhesabu mwenyewe, kidole gumba kikibofya kidude chake cha kuhesabia. Hilo halimkasirishi. Wanaomkasirisha ni watu.

Mtu anapewa majibu, yameandikwa chembe nyeupe ziko juu. Dakika mbili hazijapita, amerudi mlangoni.

"Dada, naomba dawa ya kuzishusha."

"Uzishushe uzipeleke wapi?"

"Si zimepanda?"

"Zimepanda kwa sababu zimeitwa! Tibu kilichoziita, zitashuka zenyewe."

Basi hapo kazi inasimama. Foleni imefika getini, watoto wanalia, na Evelina anaanza somo lake ambalo mimi nalijua kama sala. Mwili ukiumia, anasema, mahali palipoumia hupiga yowe. Yowe lenyewe ni kemikali. Mishipa ya damu ya karibu hutanuka na kuta zake hulegea, ndiyo maana panapata moto na kuvimba. Chembe nyeupe zilizokuwa zikipita na safari zao hupunguza mwendo, hubingirika kwenye ukuta wa mshipa, hunata, kisha hujipenyeza hadi nje, penye kidonda. Huko humeza vijidudu, na nyingi hufia hapohapo. "Usaha mnaouonea kinyaa ni maiti zao," humalizia. "Halafu wewe unataka nizishushe!"

Mgonjwa huitikia vizuri, hushukuru, na wiki inayofuata humleta mjomba wake anayetaka dawa ya kuzishusha. Nani hatachoka?

Machi iliyopita, msimu wa zabibu, Ernest, nduguye Evelina, alimleta baba yao kwa pikipiki kutoka kijijini kwao Zuzu. Mzee Mazengo analima zabibu na ana ng'ombe wachache. Siku tano kabla alikuwa amekanyaga mwiba wa mgunga, ukapita ndala hadi kwenye nyama. Nilimwamkia, nikakunja suruali yake, nikakuta juu ya kifundo cha mguu kipande cha tyubu ya baiskeli kimekazwa kama anayefunga mzigo. Alikuwa akikifunga alfajiri na kukilegeza akilala. Chini yake unyayo ulikuwa wa zambarau, baridi, kingo za kidonda nyeusi.

Daktari alikata ule mpira, akaugusa mguu. "Tunamwanzishia dawa sasa hivi," akasema. "Lakini kesho asubuhi nikikuta mguu haujapata joto, anakwenda hospitali kubwa. Na huko wataukata."

Evelina akatoka maabara na glovu mkononi.

"Baba! Nani alikwambia ufunge mguu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Pasaka ile ulipokuja nyumbani. Ulisema wale weupe wakifika kwenye kidonda wanakufa, ndio usaha. Sasa nikaona usaha unatoka, kila siku unatoka. Nikasema hawa wanakwisha. Ng'ombe wakifa kwenye lambo moja, unaendelea kuwapeleka wengine palepale? Nikafunga njia."

Evelina hakufoka. Alichukua damu ya baba yake na kuingia ndani. Mashine ilikuwa nzima siku hiyo, lakini alihesabu kwa mkono. Nilisikia kidude kikibofywa mpaka nikaona uchungu.

"Elfu ishirini na mbili," akaniambia alipotoka. "Zimejaa tele, Joha. Zilikuwa zinakosa njia tu."

Mchana kutwa dripu ilidondoka, na kila akipata nafasi alikuja kuushika ule mguu. Hakuna mgonjwa aliyepewa somo. Waliuliza dawa ya kuzishusha, akawaelekeza kwa daktari kwa sauti ya chini, na mimi nilitamani afoke.

Asubuhi nilipofika, sauti ya mzee ilinipokea getini. Mguu unawaka! Unagonga kama ngoma! Usiku kucha hawakumfanyia chochote! Nilikimbia nikamkuta Evelina ameukumbatia ule unyayo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Ulikuwa wa moto. Daktari aliugusa, akatabasamu, akaondoka kuendelea na kazi.

"Unalia nini na mimi ndiye ninayeumia?" mzee akafoka. Nikajua Evelina ameitoa wapi tabia yake ya kufoka. "Hao weupe wako bado wanakufa?"

"Wanakufa, baba. Wengi."

"Na wengine wanakuja?"

"Wanakuja. Ndiyo kazi yao."

Mzee akautazama mguu wake. "Basi Pasaka ile ungemalizia," akasema.

 Tangu siku hiyo somo limeongezeka kipande mwishoni: kwamba zinafia pale ili mguu ubaki, na kwamba mtu asizifungie njia. Sasa foleni yangu inavuka geti hadi barabarani. Nanung'unika, lakini simkatizi.