Mutoto Mwenye Nilikuwa Naita Maman

Kwetu Bukavu, mutoto akibeba jina ya mama yako, unamuitaka maman, hata kama angali ananyonya. Mimi sikusoma sana, lakini desturi ile naijua. Mujukuu wangu, musichana, alibeba jina ya mama yangu, mama mwenye kuuza makala ya kupikia, Mungu amupumuzishe. Nilimuita maman mpaka akaingia univerisite.

Siku moja akarudi kwangu, mimi koko yake, muzazi wa wazazi wake, kichwa imenyolewa. "Koko, usiniite tena maman. Mimi ni mwanaume. Neno yake ni transijanri."

Tonton yake, mutoto wangu mwanaume, akacheka: "Iyo neno ya ONG, ya mashirika ya wazungu! Siye tuko na yetu." Akaitaja, ile ya kutukana watu sokoni. Na mimi, muzee mupumbafu, nikacheka naye.

Mutoto akachukua sakoshi ya nguo yake, akaenda kupanga chumba Bagira. Sasa ni miezi tatu.

Jana nikamupigia. "Alo?"

Hapa kwetu hausalimie mutu bila kumuita kitu. Maman, nilikatazwa. Papa, niliogopa ataona ninamucheka tena.

"Alo? Ni nani?"

Nikalia tu, akakata. Leo nimepiga mara ine. Haishike.