Kuku wa Jang'ombe Aamua Kesi ya Vipepeo

Saa moja asubuhi, Jang'ombe. Mmanga Kificho, mshika vipepeo wa nyumba ya maonyesho mjini, amepiga magoti uani. Anamwamkia kuku.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Kuku haitikii. Ana kazi nzito leo.

Mwenye kuku, jirani yake Bi Mwanapili, ameshika kiuno mlangoni. "Akidhurika kuku wangu, Mmanga, n'takupika wewe."

Pembeni wamesimama Bwana Muhiddin, mkubwa wa kazi, na Usi, mshika vipepeo mwengine. Kabati jipya la vioo la vipepeo linataka mtu mmoja wa kulipanga. Atakayeshindwa atarudi ghalani kupambana na mchwa.

Mtihani ni wa aina mbili za vipepeo wa rangi ya chungwa. Aina moja ni chungu. Ndege akiionja huitema. Aina ya pili ni tamu, ila jike lake huvaa mavazi ya yule mchungu ili ndege wamwogope bure. Mmanga huwatenganisha kwa mabawa ya nyuma: mchungu ana madoa meusi matatu katikati, mwigaji ana moja tu ukingoni.

"Hata nikiwa na homa nnawajua," hujigamba kila siku.

Usi amechoka na majigambo hayo. Leo kaleta vipepeo wawili, na wote wana madoa matatu.

"Wote wachungu," anasema, akitazama mawingu. "Au una neno?"

Mmanga amewageuza, amewanusa, macho yamemgomea. Ndiyo maana amemwendea kuku.

Kuku anamdonoa wa kwanza, anamtema, anasugua mdomo mchangani kwa ghadhabu. Wa pili anammeza, kisha anatazama kama kuna mwengine.

"Mtamu huyo!" anaruka Mmanga. "Kachorwa!"

"Kachorwa na nani?" anafoka Usi.

Bi Mwanapili anamshika mkono. "Wanja huu kidoleni, baba, wa mkeo au umeanza kujiremba?"

Ua zima linaangua kicheko. Bwana Muhiddin, machozi yakimtoka, anamkabidhi Mmanga ufunguo wa kabati.

Kesho Mmanga ataelekea Mangapwani kumtafuta dume wa aina ya yule mwigaji, mweusi mwenye madoa meupe, amweke kabatini kando ya jike mwengine. Rafu ya juu kabisa ataiacha wazi. Anataka kuku, siku akifa kwa uzee, akaushwe na kukaa hapo kwa heshima zote.

Bi Mwanapili bado hajaambiwa.