Ngazi ya Tatu Kutoka Chini

Pale Kambarage, mjini Shinyanga, majirani walimwita baba yangu Mbunge, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Aliwahi kuwaambia kwamba ujanani alikwenda Dodoma kama fundi mwashi kujenga makao makuu, na kwamba kwenye ngazi za jengo moja la serikali, ngazi ya tatu kutoka chini, alipachika kokoto nne nyeupe alizotoka nazo machimboni Geita. Walicheka mpaka mimi mwanawe nikaona haya. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilichukia kuchekwa kuliko njaa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Alipopata nauli ya treni hakumchukua kaka yangu, msikivu wa nyumbani. Alinichukua mimi.

"Wewe ni mbishi," alisema. "Ukiona wewe, wataamini."

Dodoma nilitaka kuona kila kitu. Tuliingia kwenye makumbusho ya mawe, yamepangwa ndani ya makabati ya vioo, kila jiwe na jina lake. Baba alipita mbio. "Mawe tumeyaacha kwetu," alisema. Bunge tulilitazama kwa nje, dakika mbili hivi. Nilinuna, maana barabara zilikuwa pana na jua kali, naye hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kwenye lile jengo tulimkuta mlinzi kijana.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu. Naomba kuona ngazi."

Mlinzi alinitazama mimi, kana kwamba nimjibie.

"Alizijenga yeye," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyoamini.

Alituruhusu, ila tusivuke ya tatu. Nilipiga magoti nikafuta vumbi la kona kwa upindo wa gauni. Zilikuwepo. Kokoto nne nyeupe, zimelala sawasawa ndani ya terazo, ile saruji ya vipande vya mawe iliyosuguliwa ikang'aa. Nililia, na sioni aibu kusema, kwa jinsi nilivyojivunia baba yangu siku ile.

Niligeuka nimwonyeshe. Wala hakuwa akizitazama. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akipitisha kiganja taratibu kwenye ukingo wa ngazi, toka ukutani hadi mwisho.

"Haina ufa," alisema.

Tuliporudi Kambarage, majirani walewale walikuja kuniuliza kama kweli nimeziona kokoto. Niliwaambia ngazi haina ufa.