Siku Niliyoosha Potasiamu

Jameni, nitawaambia hii mara moja, mcheke mmalize, kwa sababu mpaka leo nikiona mtu wa darasa letu huko mtaani Landless navuka barabara.

Mnajua nasoma masomo ya jioni hapa Thika. Basi mwalimu wetu wa kemia, Kariuki, kijana tu, alizunguka shule nyingi akiomba kipande cha potasiamu ndio tuone na macho kabla ya mtihani, akapata kimoja, kadogo kama punje ya dengu. Akakiweka kwa kisahani kikiwa kimelowa mafuta, kando ya beseni ya maji. "Mama Njoki, niangalilie hii, naenda kuchukua miwani ya kukinga macho." Wengine wako nje wanakunywa chai. Niko peke yangu, jua la jioni linaingia dirishani, kausingizi katamu kananibembeleza (nilikuwa nimeamkia maombi ya alfajiri), naangalia kile kitu, kichafu, kinanuka mafuta ya taa, na mimi mama wa watoto wanne, uchafu kando ya maji safi nitauacha aje? Nikakitumbukiza kwa beseni nikisuuze.

Wee! Kikaamka. Kikakimbia juu ya maji kikilia sss, kikajikunja mviringo, kikashika moto, na moto wenyewe wa zambarau, laini kama maua ya jakaranda yakianguka polepole, na mimi badala ya kutoroka nimesimama tu mdomo wazi, nikajisikia kama niko mahali hakuna uchovu. Halafu, pa!

"Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!" Mkono wangu juu, na darasa lote liko mlangoni.

"Mathe, umekemea potasiamu?" akauliza Wambui, yule msichana anayetoka Mwihoko (hana adabu yule). Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kariuki, amerudi na miwani mkononi, hakucheka. Akaangalia kisahani. "Ilikuwa hiyo tu," akasema, na kicheko kikakatika, maana mtihani ni wiki ijayo na hakuna mwingine ameona kitu. Halafu akanipa chaki. "Simama hapa mbele, mama. Tuambie yote."

Nikasimulia, machozi yananilengalenga, wao wanaandika: inaelea, inayeyuka, inakimbia, moto wa zambarau.

"Na ile shindwa tuandike?"

"Hiyo wacha, Wambui. Hiyo ni yangu na Mungu."

Si kicheko kinaniuma. Ni vile waliandika zambarau bila kuiona, na mimi niliyewanyima ndiye niliyeshiba peke yangu. Tangu hapo kitu cha watu sigusi mpaka mwenyewe arudi, hata kikinuka aje.